Namba Tatu Haitaki Kutoka

17 Machi, Jumatatu

Rama, fundi wangu wa kompyuta, yuko Mlandizi na hawezi kuja wiki hii wala ijayo. Kaniambia kwa simu: Da Wema, kila mashine ikifanya kituko, andika tarehe, andika wewe ulikuwa unafanya nini, kisha andika yenyewe ilifanya nini. Hasira zako usiandike. Basi nimechomoa kaunta buku moja rafuni mwangu mwenyewe, naandika. Hilo la hasira simuahidi.

Kituko cha leo ni hiki. Jumamosi alikuja mtu anaitwa Maulidi, ametokea Kurui, huko Kisarawe. Baba yao, mzee Mwinyimadi, alifariki mwezi wa kwanza. Arobaini imeshapita, sasa familia inatakiwa kupeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kazi hizo ndizo zangu. Nina miaka tisa na hii stesheneri hapa Sofu, na sijawahi kuandika muhtasari wa mirathi kwenye ukurasa mtupu. Ninalo faili moja, naliita faili mama. Nalifungua, naweka majina ya msiba mpya kwenye nafasi zilizo wazi, nahifadhi kwa jina jingine, nimemaliza. Hata maneno ni yale yale kwa wote: kikao kilifunguliwa kwa dua, wajumbe walikubaliana kwa kauli moja. Mara nyingi kikao chenyewe hakijakaa. Watu hukaa kwanza kwenye karatasi yangu, kisha karatasi inazungushwa majumbani kutafuta sahihi.

Maulidi alinitajia watoto wa marehemu wanne: 1. Mwinjuma, 2. Maulidi, 3. Mwamvita, 4. Chausiku. Leo kaja kaka yake mkubwa, huyo Mwinjuma, ambaye anaishi hapa hapa Sofu. Kasoma, kaweka kidole kwenye namba tatu, kasema huyo atoke, hahusiki. Sikuuliza. Mteja ni mteja. Nikafuta.

Mashine ikaandika 1, 2, 4.

Nimefuta mstari, nimerudisha, nimefuta tena. Chausiku anabaki wa nne. Nimezima nimewasha. 1, 2, 4. Miaka tisa nabonyeza hivi vitufe, leo mashine ndiyo inanifundisha kuhesabu. Nimemwambia Mwinjuma arudi keshokutwa.

18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Barua mbili za kuomba kazi, hazikusumbua.

19 Machi

Nimeizima ile hesabu ya mashine nikaandika namba kwa mkono wangu: 1, 2, 3. Chausiku akawa wa tatu. Mwinjuma akaridhika. Akaomba nimtumie kwenye simu kwanza amuonyeshe baba yake mdogo kabla ya kuchapa. Kwa kawaida mimi natoa karatasi, sina habari za kumtumia mtu faili kwenye simu, lakini nikamtumia.

Hakumaliza nusu saa akarudi, kalowa, kashika simu kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Akaniuliza taratibu kabisa, "Dada, mbona umemrudisha?"

Nikamwambia sijamrudisha mtu. Akaweka simu yake mezani, kando ya kioo cha kompyuta yangu. Kwangu kulikuwa na majina matatu. Kwake manne. Kati ya Maulidi na Chausiku alikuwepo Mwamvita binti Mwinyimadi, hana hata namba, kakaa tu. Faili ni lile lile, nimelituma mimi kwa mkono wangu.

Nikasema labda ni simu. Tukafungua kwenye simu yangu, naye yumo. Mwinjuma alikuwa amefunga, mdomo umemkauka. Akaondoka bila kuaga. Nami sikumwita.

20 Machi

Esteria, fundi cherehani wa fremu ya pili, nimemsimulia. Kasema hiyo kompyuta imeingiliwa, niiwekee maji ya upako. Nikamwambia nikiimwagia maji itakufa kabisa na hapo ndipo nitakapojua maana ya kuingiliwa. Tumecheka. Lakini alipoondoka nimegeuza kiti nikakaa ukuta mgongoni.

Bati limetoboka juu ya meza ya fotokopi. Nimeweka beseni. Matone yanaanguka manne, yananyamaza, yanaanguka tena manne. Bati halina adabu.

22 Machi

Mvua. Wateja watatu. Umeme umekatika saa nne mpaka jioni.

26 Machi

Leo nimesema yaishe. Nimelifunga faili lile la Mwinjuma, nimefungua faili mama, nimeanza upya toka mwanzo. Nimeandika majina matatu tu. Neno Mwamvita sikuligusa. Nataka Rama aelewe hapa vizuri: jina hilo kwenye faili hili jipya sikuliandika hata mara moja.

Kisha nikajitumia mwenyewe, nikafungua kwenye simu. Orodha ilikuwa safi, watu watatu. Nikashusha pumzi. Nikapeleka kidole chini, chini zaidi, kupita mahali pa sahihi, pale ambapo kwenye kioo cha kompyuta hakuna kitu, karatasi imekwisha. Kwenye simu haikuwa imekwisha. Yalikuwepo maneno. Majina ya watu nisiowakumbuka, vipande vya barua, marehemu huyu, marehemu yule, na katikati yao mstari huu: watoto wangu ni wanne, Mwinjuma, Maulidi, Mwamvita na Chausiku.

Watoto wangu. Nani anasema?

Nimeizima simu, nimeilaza kifudifudi kwenye droo. Nimefunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sijafanya tangu nimzike mama. Naogopa, Rama. Ulisema nisiandike hasira, hukukataza hofu.

27 Machi

Sikufungua.

31 Machi

Idi. Pilau kutoka kwa jirani. Kompyuta sijaiwasha.

2 Aprili

Amekuja dada mmoja, mwembamba, kanga ya zamani, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Kaniamkia vizuri. Kaleta picha ndogo, anataka nimkuzie kisha niilaminishe, kwa sababu nyumba yao inavuja na hiyo ndiyo picha pekee ya baba yake aliyonayo. Nikamuuliza niandike jina gani kwenye bahasha. Akasema Mwamvita.

Nilikaa chini. Akaniuliza kama naumwa.

Nilimtegemea mtu wa namna gani, sijui. Tangu ile siku ya kwanza nilimfanya kichwani kuwa mtu wa matata, mwenye kudai visivyo vyake, maana ndivyo anavyoonekana mtu ukimjua kwa namba tu. Kumbe ni huyu. Anaishi Kurui, kwenye shamba la baba yake, kwenye nyumba aliyojengewa mama yake. Mama yake alikuwa mke mdogo, alishafariki, kaburi liko nyuma ya jiko. Mvua hizi amepanda mahindi na kunde mpaka karibu na kaburi. Alinieleza yote hayo huku nikiskani picha, hakuna niliyomuuliza. Akasema kuna watu kutoka Dar wanakuja shambani kupima mipaka kwa kamba, na kaka yake Mwinjuma amesema wanapima tu. Habari ya muhtasari hajui. Habari ya kikao hajui. Kanifungia fungu la majani ya kunde kwenye gazeti, kasema ni ya kwanza kuchuma.

Picha ikatokea kubwa kwenye kioo. Mzee kakaa kwenye stuli, kofia ya mkono, mkono wa kulia kauweka mezani, ngumi nusu imefungwa.

Ule mkono nikaukumbuka.

Miaka miwili iliyopita, masika kama haya. Mzee aliingia peke yake, akanyoosha ule mkono juu ya meza hii hii. Alikuwa kaja kumtembelea mwanawe hapa Sofu na alitoka bila kumuaga. Alitaka tamko. Aliwataja watoto wake, na kila mmoja alipomtaja aligonga meza kwa konzi: ko, ko, ko, ko. Nilimwambia kwa utani, mzee utanivunjia meza. Kabla sijamaliza umeme ukakatika. Akasema atarudi Alhamisi kuichukua. Jumatano nikapigiwa simu kutoka Muleba, mama yangu amefariki. Nikafunga duka nikaenda kuzika, nikakaa huko wiki tano. Niliporudi nilikuta maneno ya mzee kwenye faili mama, maana mkono wangu una tabia ya kubonyeza kuhifadhi kila baada ya mstari kwa ajili ya umeme wetu, na faili nilikuwa bado sijalipa jina jipya. Nikafuta. Nikaendelea na kazi. Mzee mwenyewe sikumkumbuka tena mpaka leo.

Nilimuuliza Mwamvita, kwa sauti ambayo najua haikuwa yangu, kama baba yake aliwahi kutaja stesheneri hii. Akajibu, "Alikuja mara mbili, dada, akakuta pamefungwa. Alisema yule mama kapatwa na msiba, tumwache kwanza."

Picha sikumwachia alipe. Kunde nimeshindwa kula.

3 Aprili

Mvua. Matone manne, kimya, manne. Nimeliondoa beseni, nimeacha maji yaanguke sakafuni.

8 Aprili

Rama kafika, na mkoba wake, na maneno yake. Kasoma daftari hili lote amesimama. Alitarajia kurasa mbili. Aliponirudishia hakunitania, na Rama hukutani naye bila kutaniwa.

Kaangalia virusi, hakuna. Kabadilisha kibodi, hali ile ile. Kisha kafungua faili mama, kaangalia uzito wake, kaguna. Faili la kurasa tatu lina uzito wa kitabu. Akaniuliza faili hili nililitoa wapi. Nikamwambia lilikuwa la mwanafunzi wa chuo, mwalimu wake alilisahihisha humu dukani, mimi nikapenda mpangilio wake nikalifanya langu. Na je, akauliza, palikuwa na wino mwekundu? Palikuwepo, mistari myekundu kila mahali, inakera macho. Mwanafunzi yule akanionyesha pa kubonyeza, ikapotea.

Rama akasema, "Da Wema, mashine yako haijawahi kufuta kitu. Ulichoficha ni wekundu tu."

Akanieleza polepole. Yule mwalimu aliwasha kitu cha kutunza masahihisho. Kikiwaka, ukifuta neno halifi, linawekewa alama kwamba limefutwa, linakaa pale pale. Kwenye kioo changu hayaonekani kwa sababu nilifunga pazia. Printa yangu nayo inafuata kioo. Lakini simu za watu hazilijui hilo pazia, zinaonyesha vyote. Na mstari wa orodha uliofutwa namna hiyo huwa unaendelea kuhesabiwa, ndiyo maana namba tatu haikukubali kupewa mtu mwingine. Kila faili lililozaliwa na faili mama limezaliwa na ugonjwa huo huo. Alieleza vizuri, nikaelewa, nikaona moyo unaanza kurudi mahali pake. Kumbe ni kitufe.

Kisha akafungua pazia.

Ukurasa wote ukawa mwekundu. Chini ya mahali pa sahihi ukaendelea, kurasa na kurasa, watu wote ambao kazi zao zilikatikiwa na umeme nikiwa bado ndani ya faili mama, nikawahifadhi humo bila kujua, nikarudi nikawafuta. Wajane. Watoto. Marehemu wa Gwata, marehemu wa Picha ya Ndege, marehemu wa Kisarawe. Kila mmoja kakatwa mstari wa damu katikati ya jina. Na pembeni ya kila jina kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha aliyefuta, na tarehe, na saa.

Wema. Wema. Wema. Wema. Mpaka chini.

Nilidhani kuna mtu ndani ya mashine. Yupo. Ni mimi.

Rama alitaka kufunga nikamzuia. Tulisoma tamko la mzee pamoja, yeye kwa sauti. Nalinakili hapa kama lilivyo.

"Mimi Mwinyimadi, mkazi wa Kurui, nikiwa na akili zangu timamu, natamka kwamba watoto wangu ni wanne, Mwinjuma, Maulidi, Mwamvita na Chausiku. Mama yake Mwamvita alikuwa mke wangu wa ndoa. Pale penye nyumba yake na kaburi lake, Mwamvita asiondolewe. Natamka haya leo, mimi mwenyewe, kwa sababu"

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

9 Aprili

Rama alisema kuna kitufe kimoja, ukibonyeza vinakwisha vyote, kweli kweli, havirudi tena. Kaniachia mwenyewe niamue. Sijabonyeza.

14 Aprili

Mwinjuma amekuja. Hakutaka hata kuiona kompyuta yangu, alikaa mlangoni. Muhtasari ameshaandikiwa kwingine, karibu na stendi, majina matatu, sahihi zimepatikana, umeshafika Mahakama ya Mwanzo. Tangazo limebandikwa. Mwenye pingamizi aje kabla ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Alikuja kuniomba tu ile ya kwanza niifute, isibaki popote.

Nikamuuliza Mwamvita ni nani yake. Akasema mama yake aliingia kwa baba na mimba ya mtu mwingine, kila mtu Kurui anajua. Nikamuuliza kama baba yake naye alijua. Akageuka akatazama barabarani. Nilimtazama usoni nikamuona ni mtu aliyechoka, mwenye watoto wa kulea kama mimi, ambaye mnunuzi wa shamba amemfuata na ameshakubali. Tangu mwezi jana nilimuona fedhuli. Leo nimeona anaogopa kuliko mimi.

Nikamwambia nitafuta. Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo.

20 Aprili

Pasaka. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilihesabu watu waliokaa benchi la mbele.

24 Aprili

Siku nzima nimeandika barua za wengine vizuri, bila kosa. Ninajua ninachotakiwa kufanya na sikifanyi. Nikipeleka karatasi ile, kila mtu Sofu atajua Wema anafuta watu. Nani ataleta msiba wake kwangu? Stesheneri hii ndiyo inayomsomesha mwanangu Elina, sina nyingine. Nisipopeleka, tarehe kumi na mbili inapita, na Mwamvita anaondolewa kabla mahindi hayajakauka.

26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimefungua duka nipange rafu tu. Leo haikunyesha hata tone, jua kali, bati limekauka, sakafu imekauka. Umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo hakuna mashine iliyokuwa inanguruma. Nimesimama nimeipa meza mgongo.

Ko, ko, ko. Kimya.

Nilingoja la nne. Nilingoja kwa muda mrefu, nimeshika rimu ya karatasi kifuani. Halikuja. Rama, hili sikuulizi, na wewe usinieleze.

Umeme uliporudi nimechapa tamko la mzee.

28 Aprili

Kurui. Magari mawili, kisha bodaboda, kisha miguu, kwa sababu dereva wa bodaboda alilitazama lile tope akaniambia mama, mimi naishia hapa. Niliteleza mara mbili. Karatasi nilikuwa nimeilaminisha, iko kifuani ndani ya nguo.

Mahindi ya Mwamvita yameshanipita kimo. Katikati yake zimesimikwa nguzo mpya za mipaka, rangi nyeupe, moja iko hatua chache kutoka kwenye kaburi. Alinikaribisha jikoni, akanitengea kigoda, akaanza kuuliza habari za duka. Nikamkatiza. Nilisema yote, toka Alhamisi ile ya mzee mpaka siku niliyomfuta yeye mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu kaka yake kasema hahusiki. Nilimwambia pia tarehe kumi na mbili.

Alisoma karatasi polepole. Alipofika mwisho akaigeuza nyuma, akatafuta, akaigeuza tena.

"Kwa sababu gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, umeme ulikatika. Hapo ndipo alipolia, mpaka pale alikuwa hajatoa hata chozi. Nililia naye. Sikuwa na haki hiyo, lakini nililia.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama nitakubali kwenda kusema. Nikamwambia nitakwenda.

2 Mei

Mvua kubwa. Barabara ya kwenda Kisarawe ilikatika juzi, jana ikatengenezwa. Mwamvita ameweka pingamizi, kanipigia simu.

7 Mei

Nimepata wito wa mahakama. Umechapwa kwa herufi ninazozitumia mimi.

9 Mei

Mwinjuma tena. Safari hii aliingia, akakaa kiti cha mteja. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliniambia kesi itakuwa fupi, nitaulizwa swali moja, na jibu liko jepesi: sema ni virusi. Sema kompyuta ilichanganya mafaili ya watu. Rama atakubali, kila mtu atakubali, na mimi duka langu litabaki na heshima yake. Akasema hata yeye angependa iwe virusi. Alisema hivyo huku akiitazama meza, pale pale, na mkono wake mwenyewe ulikuwa juu yake, ngumi nusu imefungwa, mkono wa baba yake kabisa. Sidhani kama aliuona. Mimi niliuona.

Esteria naye kanishauri niseme virusi. Na Rama, alipopiga simu, akasema, Da Wema, ukisema virusi mimi sitakupinga.

12 Mei, Jumatatu

Mahakama ni chumba kidogo, madirisha mawili, mabenchi yamejaa watu wa Kurui. Mwinjuma mbele. Maulidi nyuma yake, kainamisha kichwa. Mwamvita upande wa pili peke yake, na ile picha ya baba yake kwenye mfuko wa plastiki, mapajani.

Hakimu ni mama wa makamo, miwani puani. Alisema mapema kwamba karatasi hii haina sahihi wala shahidi, kwa hiyo si wosia, na hataichukua kama wosia. Lakini anataka kujua imetoka wapi. Nikaeleza. Nilikuwa nimechapa na kurasa zile nyekundu, za faili mama na za faili la Mwinjuma, akazishika, akazisogeza karibu na macho. Mvua ilianza kugonga bati. Akasoma tamko kwa sauti mpaka mwisho, mpaka pale penye kwa sababu, kisha akanyoosha mkono kwangu akingoja ukurasa unaofuata. Nikamwambia hakuna.

Akaweka kidole kwenye kile kisanduku cha pembeni.

"Hili jina limefutwa mara mbili. Mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, mara ya pili mwezi wa tatu. Nani alifuta?"

Nilimuona Mwinjuma akinitazama. Neno lilikuwa mdomoni tayari, ni fupi, ni jepesi, watu wote wangelielewa.

"Mimi, mheshimiwa," nikasema. "Mara zote mbili ni mimi. Mashine haina kosa."

Akaniuliza kwa nini. Nikasema mara ya kwanza kwa kusahau, mara ya pili kwa sababu niliambiwa na sikuuliza. Akaandika. Aliandika muda mrefu, kwa kalamu, na nilitazama jinsi wino unavyokaa pale unapowekwa.

Kisha Maulidi akasimama bila kuitwa. Hakimu akamwambia akae, hakukaa. Akasema, "Mimi nilimtaja. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa huyu mama nilimtaja Mwamvita, kwa sababu baba alitulea sahani moja." Mwinjuma alijifunika uso kwa viganja.

Hakimu amefuta ule muhtasari. Ameamuru familia ikae kikao cha kweli, wote wanne wawepo, walete muhtasari mpya ndani ya siku ishirini na moja. Mpaka hapo hakuna anayeuza wala kupima. Alipokuwa ananirudishia kitambulisho aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mihtasari ya mirathi inayofika kwake yote imeandikwa kwa maneno yale yale, kwa kauli moja, kwa kauli moja. Alikuwa anajiuliza siku zote ni nani huyo anayekubaliana hivyo.

15 Mei

Wateja wawili leo. Kwa kawaida ni kumi na tano. Habari imefika.

19 Mei

Mmoja.

24 Mei

Mvua imekonda, manyunyu ya asubuhi tu. Bati nimeziba. Esteria kaniletea chai, kakaa nami mchana kutwa, hakutaja upako.

30 Mei

Wamekuja wote wanne, kwenye gari moja. Kikao walikaa kweli, Kurui, jikoni kwa Mwamvita, kwa siku mbili, na nasikia palikuwa na maneno mazito. Maulidi alitaka waandikiwe kwingine, niliwasikia wakiwa nje ya mlango. Mwamvita ndiye aliyekataa. Alisema aliyeandika kwanza aandike tena.

Faili mama sikuligusa. Nimefungua ukurasa mtupu, wa kwanza katika miaka tisa, na nikaona aibu kwamba sikujua pa kuanzia. Niliwauliza kikao kilifunguliwaje, wakaniambia kilifunguliwa kwa ugomvi, nikaandika. Niliuliza walikubaliana kwa kauli gani, Mwinjuma akasema yeye alikubali siku ya pili, nikaandika hivyo hivyo. Tulipofika kwenye orodha niliandika Mwinjuma, nikaandika Maulidi, mashine ikaleta namba tatu yenyewe. Nikasimama, nikamvutia Mwamvita kiti changu.

Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kwa muda, ndugu zake wamesimama nyuma yake wanangoja. Hakuna aliyemharakisha. Aliponyanyua kidole nilihifadhi.

Niliichapa, wakasaini mbele yangu, kila mmoja kwa mkono wake. Mwinjuma alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama kidogo pale mezani, akaigusa, akaenda zake.

2 Juni

Jua. Mwamvita kanitumia picha kwenye simu, mahindi yameanza kukauka, nguzo nyeupe zimelazwa chini kando ya jiko.

Rama alipita kunisalimu. Alitaka aniwekee kila kitu sawa kabla hajaondoka, azime kile cha kutunza masahihisho nisipate tena taabu ya namba. Nikamwambia kiache. Nikamwomba na pazia alitoe kabisa, wekundu uonekane, hata kama unakera macho.

Akaniuliza kama nina uhakika.

Asubuhi hii mteja wa tatu alikuwa kijana wa Gwata, kafiwa na mama. Alinitajia watoto watano. Nilipomaliza kuandika niligonga meza kwa konzi, mara tano, nikamuuliza kama wote wapo. Alifikiri kidogo. Kisha akasema yupo mwingine, wa sita.